Uji Mwepesi Hujaza Tumbo tu: Somo Juu ya Chakula cha Mtoto wa Miezi Sita na Zaidi

Mtu akipita asubuhi katika nyumba nyingi za Kenya, mashambani hata mijini, ataona sufuria ya uji juu ya moto, na karibu yake mtoto wa miezi saba au minane akingojea kikombe chake. Uji una sifa njema tangu zamani. Ndio uliowalea watu wengi, haukawii kupikwa, na gharama yake ni ndogo. Walakini liko jambo moja ambalo mama wengi hawakupata kuambiwa, nalo ni hili: uji mwepesi, ule unaotiririka kama maji, waweza kulijaza tumbo la mtoto hata akalala usingizi wa mtu aliyeshiba, na huku mwili wake una njaa.

Maneno hayo ni kama kitendawili, lakini hesabu yake ni rahisi. Tumbo la mtoto wa miezi sita hadi minane ni dogo. Kwa mlo mmoja laweza kupokea kiasi cha mililita 200 hivi, ambayo haifiki kikombe kizima cha chai. Kijiko kikubwa kimoja cha unga wa mahindi ni kama gramu 10, na nguvu iliyomo ni kalori 35 hivi. Mama akitia kijiko hicho katika kikombe kizima cha maji atapata uji mwepesi mzuri wa kunywa. Lakini mtoto wa umri huo, mbali na maziwa anayonyonya, ahitaji kalori zipatazo 200 kila siku kutoka katika chakula. Basi ili azipate kwa uji huo peke yake itambidi anywe vikombe sita hivi kwa siku. Hakuna mtoto wa miezi saba awezaye kufanya hivyo, na kama angelazimishwa, tumbo lingejaa maji hata asitake tena ziwa la mama yake, ambalo lina chakula bora kupita uji wowote.

Madhara ya kumlisha mtoto chakula cha namna hiyo yaliandikwa vizuri kwa mara ya kwanza katika Afrika ya Magharibi. Mwaka 1929 bibi daktari mmoja, jina lake Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alipelekwa kufanya kazi katika nchi iliyoitwa Gold Coast, ambayo tangu mwaka 1957 inaitwa Ghana. Huko Accra aliletewa watoto wa mwaka mmoja hadi minne ambao miguu na mikono yao ilikuwa imevimba, nywele zimepoteza weusi wake, na ngozi inaambuka kama ya mtu aliyeungua. Wengi wao walikufa. Bibi huyo hakuridhika na majibu ya vitabu, akawauliza akina mama wenyewe. Akaambiwa ya kwamba ugonjwa huo unajulikana, na katika lugha ya Waga, wenyeji wa Accra, una jina lake: kwashiorkor, maana yake ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa mahali pake wakati mdogo wake anapozaliwa.

Mwaka 1933 alieleza habari hiyo katika gazeti la madaktari wa watoto, na mwaka 1935 akalitumia jina lenyewe mbele ya ulimwengu. Alionyesha ya kwamba watoto wale walikuwa wameachishwa ziwa na kupewa vyakula vya mahindi, karibu bila kitu kingine. Wako madaktari waliopinga, wakisema huo ni ugonjwa mwingine uliokwisha kujulikana. Lakini miaka ilivyopita ilionekana ya kwamba wale akina mama wa Accra, walioupa ugonjwa jina la mtoto aliyeondolewa mahali pake, walikuwa wameona sawasawa. Katika Kenya na Uganda pia ugonjwa ulikuwapo, na mwaka 1954 madaktari watatu waliofanya kazi Kampala, Trowell, Davies na Dean, walitoa kitabu kizima juu yake. Katika Kiswahili watu husema kwashakoo.

Wataalamu wa siku hizi hawasemi ya kwamba kwashakoo hutokana na upungufu wa protini peke yake, kama walivyodhani wengi zamani. Maradhi ya kuharisha, surua, uchafu wa maji, na chakula cha namna moja tu, yote huchangia. Hata hivyo dalili yake haijabadilika. Mtoto huonekana amenenepa usoni na miguuni, na wazazi wasiojua huweza kufurahi. Njia ya kujua ni kubonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zake zote mbili na kushikilia kidogo. Kidole kikiondolewa na shimo likabaki pale pale, huo ni uvimbe wala si unono. Mtoto wa namna hiyo hupelekwa hospitali siku ile ile, asingojee siku ya kliniki.

Watoto wanaofika hali hiyo si wengi kama zamani. Wengi zaidi ni wale ambao hawavimbi wala hawalii, bali hawakui. Katika uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2022, ilionekana ya kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mwaka 2014 walikuwa 26. Kwa hiyo nchi imepiga hatua, lakini 18 katika 100 si hesabu ndogo, kwa kuwa urefu unaopotea kabla ya miaka miwili ni vigumu kuurudisha, na pamoja nao hupungua nguvu ya kujifunza shuleni.

WAKATI WA KUANZA

Mtoto hahitaji kitu kingine ila maziwa ya mama mpaka atimize miezi sita, wala maji hayahitajiwi, hata katika joto la Garissa au la Lodwar. Shirika la Afya Duniani liliweka shauri hilo mwaka 2001 baada ya kuchunguza mambo mengi. Zamani kidogo watu waliambiwa miezi minne, na ndiyo sababu nyanya wengi bado husema hivyo. Hawakosi adabu wala akili, bali wanarudia walivyofundishwa.

Miezi sita ikitimia, maziwa hubaki kuwa bora lakini hayatoshi tena. Upungufu unaotangulia ni wa madini ya chuma. Mtoto huzaliwa akiwa na akiba yake ya chuma aliyopewa na mama tumboni, na akiba hiyo huelekea kwisha wakati huo. Maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Mtoto asipopata chuma katika chakula, damu yake huwa nyepesi, hulegea, na hata akili yake huchelewa. Chuma kilicho rahisi kuingia mwilini kimo katika nyama, ini na samaki. Kimo pia katika maharagwe, ndengu, wimbi na majani mabichi, ila hicho huingia kwa shida, nacho husaidiwa sana na matunda kama chungwa au papai yakiliwa pamoja. Chai hukizuia. Desturi ya kumchovyea mtoto mkate katika chai ya rangi yapasa kuachwa, ingawa ni desturi iliyoenea sana mijini.

Kunyonyesha kusiachwe. Kati ya miezi sita na kumi na miwili maziwa ya mama bado hutoa nusu au zaidi ya nguvu ambayo mtoto anahitaji, na katika mwaka wa pili kama thuluthi moja. Chakula huja kuungana na ziwa.

CHAKULA KILICHOMO SHAMBANI

Wazazi wengi wa mijini hudhani ya kwamba chakula bora cha mtoto ni kile kilichomo ndani ya mkebe wenye picha ya mtoto mnene. Chakula cha mkebe chaweza kuwa safi, lakini fedha inayonunua mkebe mmoja yaweza kununua mayai, ndizi, ndengu na samaki wa siku nyingi. Wauguzi wa Mulago, Kampala, waliligeuza jambo hili kuwa shule. Mwaka 1965 kilifunguliwa pale kituo kiitwacho Mwanamugimu, ambapo mama aliyeleta mtoto mgonjwa kwa utapiamlo hakupewa dawa tu na kuondoka, bali alikaa na kupika mwenyewe, kwa vyakula vile vile vinavyopatikana kwake, mpaka akaona kwa macho yake mtoto akipona kwa chakula alichokipika. Chakula hicho cha mchanganyiko Waganda hukiita kitobero: ndizi au viazi, maharagwe au samaki au karanga zilizopondwa, na mboga, vyote vikipikwa pamoja kwa mvuke ndani ya jani la mgomba na kupondwa vikawa laini. Mama aliyekwisha kumponya mwanawe kwa jani la mgomba ni vigumu kumdanganya kwa mkebe.

Kanuni ya kitobero yafaa kila mahali. Kiwepo chakula cha kutia nguvu, kiwepo chakula cha kujenga mwili, iwepo mboga au tunda, na yawepo mafuta kidogo. Katika Kenya kila jimbo lina vyake. Nyanza wana omena, Kisii na Meru wana ndizi, Ukambani wana ndengu na kunde, nyanda za juu wana viazi na maharagwe, pwani wana samaki na tui la nazi, wafugaji wana maziwa.

Mfano wa kwanza ni viazi vitamu na ndengu. Mama huchukua kiazi kitamu kimoja kiasi cha ngumi ya mtu mzima, akakimenya na kukikata vipande vidogo. Kilicho na nyama ya rangi ya chungwa ndicho bora, kwa sababu rangi hiyo ni dalili ya kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ambayo hulinda macho na kusaidia kupigana na maradhi. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula ya Dunia walipewa watu wanne kwa kazi ya namna hii, watatu kati yao kwa ajili ya viazi hivyo hasa, na mmoja wao alikuwa mtaalamu wa Uganda, Robert Mwanga. Viazi huchemshwa kwa maji machache, sufuria ikiwa imefunikwa. Ndengu zilizolowekwa usiku kucha huwa zimekwisha kuchemshwa mbali mpaka zikapasuka. Mama huzisukuma kwa kijiko juu ya chungio ili maganda yabaki nje, naye hutwaa vijiko viwili vikubwa vilivyojaa. Kiazi kikiisha kulainika, hutiwa ndengu na majani machanga ya mchicha kiasi cha konzi moja, yaliyokatwa katwa sana. Baada ya dakika chache sufuria huepuliwa, hutiwa kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia au samli, na vyote hupondwa pamoja kwa mwiko. Maji yaliyochemsha yasimwagwe, maana yamebeba sehemu ya uzuri wa mboga, hutumika kulainisha. Mafuta yale si anasa. Huongeza nguvu bila kuongeza ukubwa wa chakula, na pasipo mafuta ile vitamini A haiingii vizuri mwilini.

Chumvi haitiwi, wala sukari. Ulimi wa mtoto haujazoea vitu hivyo, naye hadhani ya kwamba chakula hakina ladha; anayedhani hivyo ni mama anayeonja.

Mfano wa pili ni ndizi mbichi na omena. Omena ni samaki mdogo lakini thamani yake ni kubwa, kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa, na mifupa ndiyo hujenga mifupa. Ugumu wake ni mchanga, kwa maana mara nyingi huanikwa ufukoni. Basi huoshwa kwa maji ya moto mara kadhaa mpaka maji yawe safi, hutolewa vichwa na matumbo, hukaangwa bila mafuta mpaka wakauke kabisa, hutwangwa katika kinu na kuchekechwa ukawa unga laini. Kijiko kimoja kidogo cha unga huo kikitiwa katika ndizi zinazochemka na kupondwa, harufu yake haimshindi mtoto. Yafaa kutwanga kidogo kidogo, wa siku chache tu, na kuufunika mahali pakavu. Asiye na omena aweza kupiga yai moja na kulimimina katika ndizi zingali motoni, huku akikoroga mpaka yai liive kabisa. Au akaponda kipande cha ini la kuku kilichoiva. Ini mara moja kwa juma hutosha kumpa mtoto chuma na vitamini A nyingi.

Mahali ambapo watu hupika irio au githeri, hakuna haja ya moto wa pili. Mama huondoa sehemu ya mtoto kabla ya kutia chumvi na pilipili, akatoa punje za mahindi zilizo ngumu, akaponda viazi, maharagwe na majani pamoja. Parachichi lililoiva halihitaji hata moto. Hupondwa kwa uma safi, nalo limejaa mafuta yake lenyewe.

UJI UKIPIKWA VIZURI

Haya yote hayana maana ya kuutupa uji. Lawama ni ya maji, wala si ya unga. Uji wa mtoto hupimwa kwa kijiko: mama huchota, akakiinamisha, uji ukishuka polepole au kushikilia kijiko, huo unafaa, ukidondoka kama mvua, unahitaji unga zaidi. Kwa kikombe kimoja cha maji na maziwa vijiko vikubwa vitatu vya unga wa wimbi si vingi. Huchanganywa kwanza na maji baridi, hupikwa vizuri kwa kukorogwa, kisha huongezwa kijiko kidogo cha mafuta au karanga zilizosagwa laini. Karanga nzima asipewe mtoto mdogo hata mara moja, kwa kuwa humpalia.

Mama atauliza, uji mzito hivyo mtoto wa miezi sita ataumezaje? Iko njia moja ambayo bibi zetu waliijua kwa ajili ya pombe, na katika miaka ya 1980 wataalamu wa Tanzania waliichunguza kwa ajili ya watoto. Ni kimea. Wimbi hulowekwa usiku mmoja, humwagwa maji, hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili hivi mpaka liote, huanikwa juani likauke, hufikichwa ili vichipukizi vitoke, kisha husagwa. Mama hupika uji mzito kabisa, karibu na ugali laini, akauepua. Ukipoa mpaka uweze kuonjwa bila kuunguza ulimi, hutia kijiko kidogo cha unga wa kimea na kukoroga. Baada ya dakika chache uji hulegea wenyewe kama uliotiwa maji, na hali haukutiwa hata tone. Nguvu iliyomo ni ile ile ya uji mzito. Baada ya hapo hurudishwa motoni uchemke tena kidogo, ili kuua vijidudu vilivyozaliwa wakati wa kuotesha. Kazi hii ifanywe kwa wimbi. Mtama ulioota una sumu katika vichipukizi vyake, na asiyeizoea kazi ya kuviondoa asiujaribu kwa mtoto.

Juu ya unga liko jambo la kuonya. Siku hizi katika masoko huuzwa unga wa uji uliochanganywa vitu saba, wanane, hata kumi: mahindi, wimbi, mtama, soya, karanga, omena, na vingine, na watu hudhani ya kwamba kadiri vitu vinavyozidi ndivyo uji unavyokuwa bora. Sivyo. Karanga na omena zikikaa ndani ya unga huharibika upesi na kuchacha. Tena mnunuzi hawezi kuona punje iliyooza ikiisha kusagwa. Afadhali unga wa nafaka moja au mbili, na vile vingine viongezwe jikoni siku ya kupika.

Kuoza huko si jambo la harufu tu. Kuvu ya mahindi na karanga yaweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haionekani wala haifi kwa kuchemshwa. Mwaka 2004 katika wilaya za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu walikula mahindi yaliyovunwa na kuwekwa yangali na unyevu. Wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 kati yao wakafa. Kwa sababu hiyo mahindi ya mtoto yachaguliwe punje kwa punje, yaliyobadilika rangi yatupwe mbali, hata kuku wasipewe, na yaanikwe juu ya turubai wala si juu ya udongo mtupu.

MAMBO YA NYANYA NA YAI

Katika nyumba nyingi neno la mwisho juu ya chakula cha mtoto si la mama yake. Ni la nyanya. Mahali fulani husemwa ya kwamba mtoto akila yai atachelewa kusema, na mahali pengine ya kwamba atakuwa mwizi. Mazungumzo huwa kama hivi:

"Mwanangu, yai hilo unampa nani?"

"Nampikia mjukuu wako, mama."

"Mtoto ambaye hajasema hapewi yai. Sisi hatukupewa."

"Nimesikia, mama. Lakini sista wa kliniki alimpima, akasema tangu mwezi uliopita hajaongeza uzito hata kidogo. Akaniuliza anakula nini, nikamwambia uji. Akaniambia nimwongezee yai au ndengu. Nami nilitaka nikuulize wewe kwanza, ila ulikuwa shambani."

"Uzito haukuongezeka hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kadi hii hapa."

Mkamwana huyu ametenda kwa busara. Hakumwambia mkwewe ya kwamba mila ni ujinga, bali ameonyesha kadi. Yafaa kliniki ziwakaribishe nyanya pamoja na mama, kwa kuwa mkono unaoshika kijiko mchana, wakati mama yuko kazini au sokoni, mara nyingi ni mkono wa nyanya. Wako hata madaktari wa zamani waliowashauri watu kuchelewesha yai na karanga. Uchunguzi wa siku hizi hauungi mkono shauri hilo kwa watoto walio wengi, mradi yai liive na karanga zisagwe. Kitu kinachokatazwa kweli kabla ya mwaka mmoja ni asali, hata ya kulambwa kidogo, kwa kuwa yaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambazo tumbo changa haliwezi kuzishinda.

KIASI, USAFI NA SUBIRA

Siku za kwanza vijiko viwili au vitatu vya chakula kilichopondwa sana, mara mbili kwa siku, vyatosha. Si kulishwa huko, ni kujifunza. Kufika miezi minane awe anakula nusu ya kikombe cha mililita 250, mara mbili hata tatu. Toka miezi tisa chakula kipondwe kidogo tu, kiwe na vipande laini, mara tatu au nne. Akipita mwaka mmoja hula robo tatu ya kikombe hata kikombe kizima, mara tatu au nne, na katikati kipande cha tunda au cha kiazi, kutoka katika chungu cha nyumba nzima. Mtoto awe na bakuli lake. Akila sahani moja na ndugu zake wakubwa, mwenye mkono wa haraka ndiye atakayeshiba.

Mikono ya mlishaji na ya mtoto huoshwa kwa sabuni kabla ya kula. Kikombe na kijiko ni bora kuliko chupa yenye chuchu, kwa maana pembe za chupa hazisafishiki vizuri, na humo ndimo maradhi ya kuharisha hukaa. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kabla ya kuliwa kama hakuna mahali pa baridi pa kukiweka, na mabaki katika bakuli la mtoto hayahifadhiwi kwa ajili ya jioni. Ndiyo sababu ni afadhali kupika kidogo.

Mtoto akitema chakula kipya haina maana ya kuwa hakipendi. Ulimi wake tangu kuzaliwa umezoea kunyonya, na kusukuma nje ni desturi yake. Hupewa tena kesho, na kesho kutwa, hata mara nyingi, bila kumbana pua wala kumshika mikono kwa nguvu, kama wafanyavyo wengine. Mlishaji huketi mbele yake, husema naye, hungoja ameze ndipo alete kijiko kingine.

Akiugua huduma huzidi. Watu wengi humpumzisha mtoto anayeharisha asile kitu, wakidhani ya kwamba tumbo linahitaji kupumzika, na hilo ni kosa kubwa. Hunyonyeshwa mara nyingi zaidi kuliko kawaida, hupewa maji ya chumvi na sukari ya kliniki pamoja na vidonge vya zinki kama alivyoagiza mwuguzi, na chakula laini kidogo kidogo, hata vijiko vitatu vitatu. Homa ikiisha kumwacha na hamu ikamrudia, huongezewa mlo mmoja kila siku kwa majuma mawili, kisha hupelekwa kliniki akapimwe tena.